Vita vyangu kibandani kwa Mama Musyoka

Leo nimepigana vita vya Haiti nikiwa na andazi mkononi.

Ilikuwa saa nne asubuhi, kwa Mama Musyoka, pale Sultan Hamud tunapokunywa chai. Redio iliuliza: askari wa Kenya waliotumwa Haiti kupambana na magenge waendelee kukaa kule, au warudi?

Fundi wa viatu akasema nchi ya watu iachiwe wenyewe.

"Wewe ukivamiwa na majambazi, huiti jirani?" nikamuuliza.

"Naita. Lakini si jirani wa kuja na ndege."

Watu wakacheka. Mimi sipendi kushindwa, haswa na mtu anayeshikilia kiatu changu. Nikasema vijana wetu waongezwe, wakae hata miaka mitano. Sisi Wakamba kazi ya bunduki tunaijua.

Mama Musyoka akaacha kumimina chai.

"Vijana wetu ni akina nani, mwanangu? Nitajie mmoja tu."

Nikatafuta jina.

"Musyoka yuko huko," akasema. "Wiki ya tatu sasa, simu yake haiingii."

Jamani. Miaka sita namwita huyu mama kwa jina la mtoto wake, na sijawahi kuuliza mtoto mwenyewe yuko wapi.

Fundi akazima redio.

Kwa wasiojua Kikamba, Musyoka ni mtu aliyerudi. Mtoto alipewa jina hilo baba yake aliporudi salama kutoka jeshini.

Nikaomba msamaha. Akanijazia kikombe.

"Wewe niite tu kama kila siku," akasema.

Mkipita Sultan Hamud, ingieni mnywe chai. Mkiagiza, mwiteni kwa jina lake lote.