Mashine ya Karafuu Kutoka Harrow

Mume wangu alikuwa mtu wa mishale. Jioni akirudi chuoni hunichorea juu ya karatasi yoyote aipatayo, hata nyuma ya bahasha ya bili ya gesi: duara huku, duara kule, na mishale katikati. Duara moja ni nchi zilizoendelea, la pili ndio sisi. Mchana alifanya kazi ofisi ya kaunsili, serikali ya mtaa, na jioni akisomea usimamizi wa teknolojia katika nchi zinazoendelea, yaani namna ya kuchukua mashine au ujuzi kutoka hapa ukaupeleka kule na ukakubali kufanya kazi. Mimi ndio kwanza nimetoka zamu yangu kwenye nyumba ya wazee, miguu inaniwaka moto, naye ananiuliza kama nimeelewa. Nilimwambia naona mishale yote inatoka upande mmoja. Akacheka, akasema basi niende mimi darasani, yeye abaki apike.

Tulikuwa tukiishi Harrow, pembezoni mwa London, nyumba iliyoungana ukuta na ya jirani, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Watoto wetu walifahamu Kiswahili chote, hasa kile cha kugombezwa, na wakijibu kwa Kiingereza. Mimi mtu wa Unguja, wa mjini. Yeye Mpemba, kijiji cha nje ya Wete. Alitoka kwao kijana, kwa mambo ambayo watu wa rika lake hawapendi kuyahadithia, na hakurudi. Hata hali ilipotulia na watu wakaanza kwenda na kurudi, yeye kila mwaka alisema mwakani. Baba yake alipofariki tulimsomea hitima hapa hapa sebuleni. Mimi ndiye niliyekwenda Pemba na watoto, nikamwona mavyaa wangu, mama mzazi wa mume wangu, na nikampenda siku ile ile.

Nilifika msimu wa karafuu. Mavyaa aliachiwa mikarafuu na marehemu mumewe, na karafuu akizianika uwanjani juu ya majamvi. Karafuu ikinyeshewa kabla haijakauka haina thamani tena, inavunda, na mvua ya Pemba haipigi hodi. Basi wingu likijikusanya tu, yule bibi mwembamba hutupa alichokishika, hata kama ni mwiko, akaenda mbio kuanua. Majirani nao mbio, kila mmoja na pembe yake ya jamvi. Mimi nikajitia hodari, nikashika pembe, nikakunja vibaya, karafuu zote chini. Mavyaa alicheka mpaka akakaa kitako mchangani huku mvua inamnyeshea. Akawaambia majirani kwamba mkaza mwanawe wa London ana mikono ya kushikia kalamu. Wallahi mikono yangu ilikuwa ya kubebea mabeseni ya wazee.

Mwaka uliofuata tukapata habari kwamba amekimbilia majamvi, ameteleza, ameumia nyonga. Mume wangu alipoweka simu chini alikaa kwenye ngazi bila ya kuvua koti. Akasema mama hatakimbia tena. Nilidhani ni uchungu unaosema, kumbe keshaanza kuchora.

Alitaka kumtengenezea mama yake mashine ya kukaushia karafuu: sanduku la mbao refu kama kabati, ndani yake trei za wavu, chini jiko la mafuta ya taa, juu bomba la kutolea hewa, maana kijijini kwao umeme hakuna. Mvua inyeshe itakavyo, mama amekaa ndani anakunywa chai yake. Mwalimu wake alimkubalia iwe ndiyo kazi yake ya mwisho ya masomo. Mabati aliyapata kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vyuma pale Harrow, mzaliwa wa Kisumu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa amri tupu, leta, ngoja, shika hapa, lakini moyo wake dhahabu. Aliposikia kwamba ni ya mama, alikuja mwenyewe Jumapili na koleo lake kukunja bati.

Tabu ilikuwa kuijaribu. London utapata wapi karafuu mbichi? Bwana mkubwa akaenda zake Tooting, kwenye maduka ya viungo, akarudi na karafuu kavu za kutosha kupikia pilau ya mji mzima, akazimwaga ndani ya bafu letu, akazilowesha. Ili apate cha kukausha. Nilisimama mlangoni na taulo yangu begani, nikamwambia, "Mume wangu, hizo mama yako keshazikausha." Aliendelea kuzikoroga, tena kwa mwiko wangu.

Loo, nyumba ilinukia! Mapazia, mito, sare za skuli. Binti yetu alilalamika kwamba darasani wanamwita keki. Kazini kwangu kulikuwa na mzee wa Kiingereza ambaye kila nikimwinamia alifumba mdomo kwa nguvu, kwa sababu kwao harufu ya karafuu ni harufu ya daktari wa meno. Na siku jiko lilipowashwa kwa mara ya kwanza, moshi ulitoka kwenye banda la nyuma ya nyumba, alimoiweka mashine, kwa namna ambayo jirani yetu, ajuza mpole, aliwaita zimamoto. Vijana wakaingia na kofia zao za chuma, wakanusa, wakaelezwa kwamba huu ni mradi wa maendeleo. Mmoja akamwonyesha mume wangu mahali pa kuongeza tundu za hewa. Nikawapa chai, wakanywa wamesimama bustanini.

Akamaliza, na jamani, ilikuwa nzuri. Aliipiga randa mpaka ikawa laini kama kitanda cha bi harusi. Mwalimu wake aliuliza jambo moja tu, nani atakwenda nayo. Mume wangu akajibu kwamba maelezo yatatosha. Aliyaandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, maana mama yake husoma hizo tu, na tulibishana jioni nzima jinsi ya kumweleza kipimajoto. Akayabandika ndani, juu ya mlango wa mashine, kisha akaipigilia misumari ndani ya kasha. Wazanzibari wenzetu walikuwa wanachanga kontena, basi kasha letu likapakiwa baina ya magodoro, baiskeli na mafriji ya watu. Mume wangu alilipapasa kama unavyompapasa mtoto anayekwenda chuo cha Kurani siku ya kwanza. Nami niliyeilaani ile harufu miezi yote, machozi yalinilengalenga.

Lilifika salama kabla ya msimu, tukaambiwa limeshushwa mpaka barazani kwa mavyaa. Yeye hakuwa na simu. Siku za Ijumaa akiletwa Wete kwa mpwa wake, nasi tukapiga huko kwa kadi za kukwangua. Kila tukipiga alishukuru, akamwombea dua mwanawe, akauliza watoto wanakula nini kwenye baridi hiyo. Na mashine? Mashine ipo, alhamdulillahi, nzuri sana. Mume wangu akamwandikia mwalimu kwamba kifaa kimepokelewa vizuri.

Msimu ulipokaribia kwisha, Ijumaa moja mpwa alipokea simu kabla mavyaa hajafika, akatupasulia ukweli. Karafuu za mwanzo zote zimenyeshewa. Bibi bado anakimbilia majamvi na nyonga yake ile ile. Kasha lipo barazani, limefunikwa kanga mpya, hakuna msumari hata mmoja uliong'olewa, na mtu akilisogelea na nyundo hufukuzwa.

Sikuwahi kumwona mume wangu akimkasirikia mama yake, si kabla wala baada ya siku ile. Mavyaa aliposhika simu, mume wangu alimwamkia kwanza, adabu ni adabu, kisha maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Akamhadithia bafu, moshi, zimamoto, mwalimu. Akamuuliza kama anaogopa moto, kama maandishi hayasomeki, kama misumari ni migumu, na je, anataka aanguke tena afe na mwanawe yuko huku? Mimi nilikuwa nimebana sikio langu upande wa pili wa mkono wa simu, nasikia kila kitu. Mavyaa alimwacha mpaka akamaliza.

"Nikilifungua, mwanangu," akasema, "wewe utakuja kufanya nini?"

Mume wangu akanipa simu, akageukia ukuta. Mavyaa akauliza mwanawe kaenda wapi. Nikamwambia yupo hapa, analia.

"Mwache alie," akasema. "Akimaliza, mkatie tikiti."