Bi Mize na Ng'amba wa Raskazone

Nimezoea kusema ilikuwa mwaka wa themanini na nne. Sivyo. Nimekosea, na niliowasimulia nimewakosesha. Themanini na nne tulikwisha kuuzoea ule unga wa njano, ambao watu waliuita wa Yanga, na vitambaa vilianza kuonekana tena madukani. Haya ya Bi Mize yalikuwa themanini na tatu, mwaka wa hujuma, serikali ikiwasaka walioficha bidhaa, watu walipokuwa wakitupa sabuni na vitenge baharini wasikutwe navyo. Naukumbuka kwa woga wake. Themanini na nne tuliogopa njaa. Themanini na tatu tuliogopana.

Bi Mize binti Kombo alikuwa Mpemba. Mumewe alimleta Tanga wakiwa vijana, mume akafa, yeye akabaki na binti mmoja, Suhaila. Kazi yake ilikuwa kwenye nyumba ya samaki, Raskazone, jengo la enzi za mkoloni lililotiwa matangi ya saruji yenye vioo mbele, watu wakaja kutazama samaki wazima. Leo ukiuliza, vijana watakuambia hawajapata kuisikia. Mimi nilikuwa mtu wa kupita. Nimekaa Pangani, nimekaa Mkwaja, nimekaa Wete, na Tanga nilitia nanga kwa sababu pampu ya pale ilikufa na spea hakuna, wakataka mtu wa mkokoteni wa kuwaletea maji ya bahari kwa mapipa. Nikawa huyo.

Mwaka ule kazi ilikuwa nyingi. Wavuvi walituletea kasa walionaswa kwenye nyavu za jarife, wengine wamekatika mapezi, wengine wamepasuka magamba kwa baruti. Bi Mize aliwaosha vidonda, akawalisha ngisi kwa mkono, na aliyepona tulimrudisha majini. Wanafunzi walikuja kwa mistari, wakagusa mgongo wa kasa, wakapiga kelele, wakaambiwa baruti inaua mpaka mayai ya samaki. Baada ya mfungo sita, mwezi wa maulidi, palifanywa siku ya wote, bure, watu wakajaa mpaka barabarani. Mkubwa wetu, Bwana Timotheo, Mbondei wa Muheza, mtu mpole aliyevaa tai hata kwenye joto, alifurahi kupita kiasi. Mimi sikufurahi sana. Nilisimama nyuma ya watu, nikasikia wanavyosema mbele ya tangi la ng'amba.

Ng'amba ni kasa mwenye mdomo kama wa kasuku. Wetu alikuwa jike, mpana kama sinia la harusi, ametolewa jarifeni na jeraha shingoni. Watu hawakuwa wamekula nyama kwa miezi. Mmoja akasema, "Huyu akitiwa nazi, mtaa mzima unashiba." Mwenzake akamwambia, "Meza mate, mali ya serikali hiyo." Wakacheka. Bi Mize alisikia, na hakucheka.

Akawakusanya wanawake waliokuwapo, akawaeleza jambo alilolieleza kila palipokuwa na mkusanyiko. Alisema ng'amba huwa ana sumu. Si kila mmoja na si kila wakati, na hapo ndipo penye hatari. Kwao Pemba alipokuwa msichana, walimchinja mmoja, wakafanya kama walivyofanya wazee wao, kumrushia kunguru kipande cha ini. Kunguru akala, akaruka zake. Watu wakasema bismillahi, wakala. Sumu ile haina haraka. Kesho yake midomo iliwaka moto, ndimi zikawa nyeupe, na wakubwa wengi walipona. Waliokufa ni watoto wanyonyao, ambao hawakuionja nyama. Iliwafikia kwa maziwa. Walilala usingizi, wakaitwa, wasiamke. Mmoja alikuwa mdogo wake Bi Mize.

Wanawake walitikisa vichwa. Mmoja akauliza, wakitupiwa kunguru wawili je.

Sasa, Jumatatu moja asubuhi nikafika na mapipa yangu, nikamkuta Bi Mize amekaa sakafuni mbele ya tangi la ng'amba. Tangi lilikuwa tupu na mlango wa nyuma umeng'olewa bawaba. Nikamwambia shikamoo. Akasema tu, "Wamekwenda kumla."

Bwana Timotheo alipokuja, jasho lilimtoka. Mali ya serikali kuibwa chini yake, mwaka ule, lilikuwa jambo la kumpeleka mtu asikokujua. Akataka tuseme kasa alikufa tukamzika. Bi Mize akamwambia tukisema hivyo, aliyenaye atamla kwa raha. Bwana Timotheo alifungua tai, akaifunga tena. Mwisho akasema twende tukawaonye watu, ila polisi tusiwatie, na akituuliza mtu, yeye hajui kitu. Simlaumu. Aliogopa, na bado akaturuhusu.

Adhuhuri Shekhe Mudathir alitangaza msikitini: aliyemchukua hatatafutwa, nyama aifukie, na kama imeliwa, mama anyonyeshaye asimpe mtoto titi. Watu walisikiliza wakitazama mikeka. Nani angeamini kwamba hatatafutwa? Juma lililotangulia mtu alichukuliwa kwa vipande vya sabuni.

Tukaanza mtaa wa Chumbageni, mlango kwa mlango, mimi na Bi Mize. Kila nyumba ilikuwa ileile. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba. Halafu Bi Mize anasema lililotuleta, na uso wa mwenye nyumba unafungwa kama dirisha. Hatujala nyama sisi. Nyama tungeipata wapi. Kwenye ua mmoja niliona kunguru wamejazana ukutani wakigombea kitu, nikamwonyesha Bi Mize. Mwenye nyumba akasema ni matumbo ya samaki, akafunga mlango.

Nyumba ya mwanawe aliiacha mwisho. Nadhani haikumwingia kuwa ni nyumba kama nyingine. Suhaila alikuwa na mtoto wa kwanza, Abdulhakim, bado wa kunyonya, na mumewe Yakoub alikuwa kuli bandarini. Kijana mzuri, mwenye maneno ya mzaha, na mwenye adabu kwa mkwewe kama inavyotakiwa. Tulipoingia uani Suhaila alikuwa amekaa kibarazani, mtoto yuko kwenye titi. Nyumba nzima ilinukia nazi na tangawizi.

Kwetu pwani mkwe haingii jikoni kwa mkwewe. Hata maji hupewa nje, akiwa amejitanda. Bi Mize alivua viatu, akapita mbele ya Yakoub, akaingia jikoni, akafunua chungu. Mimi niliinamisha macho. Chungu kilikuwa kimebaki mchuzi.

Yakoub akasimama. "Mama, umekuja kunipekua?"

"Nimekuja kuuliza. Mmekula nini?"

"Mbuzi."

"Wa wapi?"

"Wa Pongwe."

"Kachinja nani?"

"Mama, mbuzi hana kitambulisho." Alijaribu kucheka, na kicheko hakikutoka.

Bi Mize akasogea karibu naye, karibu kuliko mkwe anavyosogea. Akasema taratibu, "Yakoub, mimi si polisi. Niambie ni ng'amba, nitasema asante, na neno hilo nitaingia nalo kaburini. Mtoto anyonye au asinyonye?"

Nilimtazama Yakoub. Midomo ilimcheza. Akanitazama mimi, nami ni mtu wa kupita, naye hakujua ninakaa na nani na ninasema na nani. Nikatoka mpaka nje ya ua ili aseme. Hata kule niliisikia sauti yake.

"Ni mbuzi, mama."

Basi Bi Mize alimchomoa mtoto titini. Suhaila akalia, mtoto akalia, Yakoub akasema mkwewe amemwita mwizi ndani ya nyumba yake, na kama ni hivyo amchukue na binti yake kabisa. Bi Mize alimfunga mjukuu mgongoni na kanga, tukaondoka.

Nimetembea sana katika maisha yangu, wala sijaona woga kama wa nyumba ya Bi Mize usiku ule. Kwa sababu mtoto alikuwa ameshanyonya. Chakula chao kilikuwa cha mchana, na sisi tulifika baada ya alasiri. Bi Mize alimlisha maziwa ya mbuzi kwa kijiko, nusu yanamwagika. Mtoto alipolia tulishukuru. Aliponyamaza Bi Mize alimfinya unyayo alie tena. "Lia, baba," alimwambia, "lia, usilale." Alimfinya mpaka kanyayo kakawa kekundu, naye mwenyewe machozi yanamtoka. Kuna wakati mtoto alifinywa asilie. Bi Mize alinitazama, mimi nikatazama ukuta. Halafu mtoto akapiga chafya, akalia.

Asubuhi Suhaila alikuja kwa miguu, ameziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani, maziwa yamelowanisha nguo. Hakusema neno, hakuweza. Alifungua kinywa tu. Ulimi ulikuwa mweupe kama umepakwa chokaa. Akamwona mwanawe mzima, akaanguka miguuni kwa mamaye.

Yakoub hali yake ilikuwa mbaya kuliko ya mkewe, na hospitali hataki. Hospitali wataulizwa wamekula nini. Alilala na kitambaa mdomoni, akiandika kwa kidole hewani: mbuzi. Ilibidi nimtie kwenye mkokoteni wangu, juu ya magunia, nimsukume kama mzigo wa nazi.

Muuguzi aliyetupokea aliitwa Praxeda, mwanamke mkali lakini mwenye mikono laini. Akauliza, "Wamekula nini hawa?" Yakoub alimtazama mkwewe kwa macho ambayo sitayasahau. Bi Mize akasema ni kasa. Akasema yeye ndiye aliyemwokota ufukweni, yeye ndiye aliyewapikia, wao hawakujua. Praxeda akamwuliza kama anajua anachokisema. Akajibu anajua.

Wakapona wote wawili, baada ya siku za mateso. Maneno yakafika Raskazone, na Bwana Timotheo hakuwa na njia ila kumwachisha kazi. Alimwita kwanza, wakazungumza, wakatoka, yeye macho mekundu zaidi ya Bi Mize. Kwa muda mrefu kila gari lililosimama nje Bi Mize alijua limemfuata yeye. Halikumfuata. Alipika mikate ya mofa mpaka miaka ya ruksa ilipofika, nyama ikarudi buchani na mitumba ikajaa mabarabarani, na ile nyumba ya samaki ikafungwa, ikawekwa magunia. Amefariki, Mungu amrehemu. Abdulhakim ni mtu mzima, ana ndevu.

Ila mimi nina jambo linanikaa. Ng'amba yule alikuwa mpana kama sinia la harusi, na chungu cha Suhaila kilikuwa cha watu wawili. Mwezi ule Chumbageni walizikwa watoto wachanga, mmoja na baadaye mwingine, kwenye nyumba tulizopiga hodi. Wakasema homa. Inawezekana, watoto walikufa kwa mengi mwaka ule. Suhaila nilipomwuliza alisema yeye aliletewa nyama imeshakatwa. Bwana Timotheo alisema yaliyopita yamepita. Yakoub nilimkuta baada ya miaka mingi Pangani, ana duka, tukanywa kahawa, akaniuliza habari za safari zangu zote, mji kwa mji. Nikamjibu zote. Halafu nami nikamwuliza moja tu, naye akachukua vikombe akaenda kuviosha, na hakurudi mpaka nilipoondoka.

Nilimwuliza: Nyama iliyobaki, Yakoub, uliwagawia akina nani?