Saa Kumi za Angani

Mama alipofariki, kwetu Nkololo, nilipanda baiskeli hadi Bariadi kumpigia simu kaka yangu aliyekuwa London. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja na mizani zao, na mmoja wao alikuwa na simu ofisini. Aliponiona nalia alinisogezea kiti, akatoka nje.

Kaka alipopata habari alisema, "Nakuja. Ngoja kwanza nitafute tiketi. Kutoka hapa hadi Dar ni saa kumi tu angani."

Niliporudi nyumbani, mjomba, kaka yake mama, aliniuliza mbele ya watu, "Mpwa wangu, huko aliko mwenzako ni mbali kiasi gani?"

"Saa kumi kwa ndege."

"Saa kumi?" alisema jirani yetu mmoja. "Basi London ni karibu kuliko Maswa. Mimi na mkokoteni wangu wa pamba tunalala njiani."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Katika ukoo wetu mtoto wa kwanza ndiye anayetangulia kutia udongo kaburini, kwa hiyo mjomba aliamua tungoje hadi kesho yake jioni. Wanawake walimwaga maji kwenye sakafu ya udongo ili chumba kipoe, wakamlaza mama juu ya mkeka, wakaacha mlango wazi.

Habari ya tiketi sikuisema. Sikusahau. Tulizaliwa wawili tu, na sikutaka kusimama kaburini peke yangu.

Kesho yake nilikaa barabarani tangu asubuhi. Ndege nilizozijua ni zile ndogo za watalii wa Serengeti, zinazopita juu yetu kama mwewe. Nilidhani aliyeruka amekwisha kufika. Reli ya kutoka Dar hadi Mwanza, na basi la kutoka Mwanza hadi kwetu, sikuvihesabu kabisa. Jioni ikafika, mjomba akaongeza siku moja kwa ajili yangu.

Siku iliyofuata, mchana, hapakuwa na mtu aliyeweza kukaa ndani na mama. Wanawake walitoka mmoja mmoja wakiwa wameziba pua kwa khanga, wala hawakunitazama. Mjomba alinikabidhi jembe. "Tangulia wewe," alisema. Nikatangulia.

Kaka alifika siku ya sita, koti zito mkononi, vumbi hadi kwenye nyusi. Tulikwenda kaburini. Aliuliza, "Nani alitangulia?"

"Mimi."

"Vizuri."

"Tulimweka mama siku mbili tukikungoja," nikamwambia. "Ulinieleza habari ya tiketi. Niliwaficha."

Kaka alichuchumaa, akachukua konzi ya udongo uliokwisha kukauka, akaumwagia palepale ulipotoka. Kisha akauliza kama mama alikuwa bado anaitikia "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, kabla hujamaliza kuisema. Nikasema ndiyo, hadi asubuhi ile ya mwisho.

Alikaa siku nne. Nilimsindikiza hadi basi la Mwanza, nikarudi na baiskeli tupu. Mjomba alinikuta uani, akauliza kaka atafika lini kwake London.

"Sijui, mjomba," nilisema. "Hakuniambia, na mimi sikumwuliza."