Koo Hunyolewa Mwisho

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Mdomo wa simba, moyo wa kuku, ndivyo mume wangu alivyozoea kunitania. Naogopa radi, naogopa sindano, na tangu niolewe na kinyozi nauogopa wembe wa kukunja, ule wa mpini mweusi unaonolewa kwenye mkanda wa ngozi. Binti yetu hakurithi woga wangu hata chembe. Huyo ni baba yake mtupu, mpaka visigino.

Alipomaliza shule nilimtafutia cherehani. Akaikataa. Akachukua ufagio, akaingia chumba cha mbele, ambako ndiko kwenye kinyozi chetu, yaani duka la kunyolea, akaanza kufagia nywele za wanaume. Nikapiga kelele weee, nikachoka mwenyewe. Msichana na wembe shingoni mwa waume za watu, nani atakubali? Baba yake alikwenda dukani, akarudi na maputo. Alipuliza puto, akalipaka povu, akampa mtoto wembe. "Nyoa," akamwambia. Likipasuka, anapuliza jingine. Nyumba ilikuwa haikaliki kwa milipuko, na kila mlipuko mimi huku jikoni naangusha kijiko.

Puto lilipoacha kupasuka akaanza kufundishwa uso. Mashavu kila mtu anaweza, mume wangu alikuwa akisema, kinyozi anajulikana kwenye kona. Chini ya pua unainua ncha ya pua kwa kidole gumba, unashuka kwa vipigo vifupi. Kidevuni unamwambia mteja auvute mdomo wa chini juu ya meno, ngozi ikazane. Chini ya taya ndevu hazina adabu, hizi zinalala huku, zile kule, basi unazipapasa kwanza ujue zinaelekea wapi. Na koo hunyolewa mwisho, mteja akiwa amekwisha kukuamini.

Kwenye kikoromeo alikuwa na desturi yake. Anasema, "Meza," halafu anageuka kuufuta wembe kwenye taulo lililo begani. Akirudi, mteja ameshameza, na mtu aliyetoka kumeza hamezi tena upesi. Hapo anaivuta ngozi pembeni, itoke juu ya kile kifupa, anainyoa ikiwa bapa. Binti yangu aliichukua desturi hiyo kama ilivyo: neno, kugeuka, taulo, vyote. Wanaume waliokuwa wakimkimbia wakaanza kumngojea yeye, baba yake amekaa bure. Wakampa na jina, Mkono wa Pamba.

Halafu kiharusi kikamwangusha mume wangu.

Alirudi kutoka hospitali akiwa hai, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini upande wa kulia ulikuwa umelala wote: mkono, mguu, shavu. Maneno yalibaki ya kuokoteza. Binti akabaki na kazi ya watu wawili huko mbele, tangu asubuhi mpaka anafunga mlango, na mimi nikabaki na baba yake huku nyuma. Ndimi niliyemlisha. Kumlisha kunataka subira, na mimi subira sikuumbiwa. Unamtia kijiko, unamwambia ameze, anakutazama, chakula kimekaa shavuni. Unangoja. Umekwisha kukata tamaa, unataka kumfokea, ndipo koo linapopanda.

Ndevu zikaota. Mate yakawa yanashuka humo, na makombo, na chini yake ngozi ikachubuka ikawa vidonda. Muuguzi anayekuja kumtazama akazitenganisha kwa vidole, akakunja uso.

"Hizi lazima ziondoke zote, mama, dawa ifike kwenye ngozi. Lakini jihadharini. Vidonge anavyotumia vinazuia damu isigande. Akikatwa shingoni hamtaizuia kirahisi."

"Sasa tumnyoe kwa nini, kwa maombi?" nikamwuliza.

Alicheka, akaenda zake. Mimi sikucheka. Tulijaribu mashine, ilipounguruma karibu na sikio mgonjwa alishtuka, akaipiga kwa mkono mzima, ikaenda kupasukia ukutani. Tukajaribu wembe wa plastiki wa dukani. Ukakwaruza vidonda mpaka machozi yakamtoka. Ukabaki ule wa mpini mweusi.

Asubuhi ile binti alikuja jikoni kunywa maji, na bilauri ikawa inagonga meno yake. Nilitamani nisione. Tangu azaliwe sijawahi kumwona mtoto huyo akiogopa kitu, mimi ndiye niliyekuwa naogopa kwa niaba ya nyumba nzima.

"Mama, sijawahi kumnyoa," akasema. "Alikuwa akijinyoa mwenyewe. Nikimkata je?"

"Basi tuache."

"Vidonda vitaoza."

"Basi usimkate."

Akanitazama. Najua, lilikuwa jibu la kipumbavu, lakini ndilo nililokuwa nalo.

Tulifunga mlango wa mbele, tukashusha pazia. Tukamkalisha kwenye kiti chake, kile alichokuwa akisimama nyuma yake maisha yake yote, tukamwegemeza kichwa. Binti akapunguza ndevu kwa mkasi, akaweka taulo la moto, akapaka povu. Mimi nikakaa kwenye benchi la wateja, mikono nimeibana katikati ya magoti. Sheria ya kinyozi chetu naijua: wembe ukiwa usoni mwa mtu, watazamaji hawasemi. Kwa sheria hiyo nilifukuzwa humo ndani mara nyingi.

Shavu zima lilikwenda vizuri. Lililolala lilimpa taabu, maana halikuwa na nguvu ya kujishikilia, likivutwa linafuata. Akalivuta kutokea sikioni kwa kiganja chote, akapita polepole akivizunguka vidonda. Chini ya pua akapita. Kidevuni hakuweza kumwambia avute mdomo, akaubana mwenyewe kwa vidole. Nikaona mabega yake yameshuka. Mkono umerudi kuwa wa pamba. Nikapumua.

Akafika kooni.

"Meza, baba," akasema, akageuka kufuta wembe begani.

Koo halikupanda.

Mimi nililiona. Yeye alikuwa amegeuka, na desturi ikamwambia kwamba limekwisha panda na kushuka. Hajui. Hajawahi kumlisha baba yake hata kijiko kimoja, angemlisha saa ngapi? Akaivuta ngozi pembeni, akauweka wembe.

Jamani, nielezeni mngefanya nini. Nikipiga kelele, atashtuka, na wembe uko kooni. Nikinyamaza, koo litapanda, na wembe uko kooni. Mdomo wangu huu, ambao haujawahi kukosa neno tangu niote meno, ulikauka. Niliona chakula cha asubuhi, kijiko, lile shavu lililojaa, na mimi nangoja. Nilijua litapanda. Sikujua lini. Wembe ukashuka kidogo, ukashuka tena.

"Mwanangu," nikasema, taratibu, sauti ya kuomba chumvi. "Hajameza bado."

Akanisikia. Hakuruka, Mungu ampe maisha marefu. Akaanza kuuinua, moja kwa moja kama alivyofundishwa, bila kuuvuta pembeni, na papo hapo kikoromeo kikapanda.

Kikaugusa ukingo wa wembe ukiwa unaondoka. Mstari mwembamba tu, mfupi. Kwa mteja mwingine ungeubandika kipande cha karatasi, ukamsimulia habari za mpira. Kwetu povu likawa jekundu, kisha povu likaisha, ikabaki damu, inateremka kwenye kola.

Binti akautupa wembe kwenye beseni, akakandamiza kwa taulo. Nilisimama, nikakaa. Nikasimama tena. Taulo likaloa, akakunja upande mwingine, nao ukaloa. "Nimemuua baba," akawa anasema, kwa sauti ya chini, "nimemuua baba." Nikamwambia anyamaze akandamize. Nikampa taulo jingine. Nilikuwa naomba na kulaani kwa pumzi moja: vidonge, muuguzi, ndevu, siku niliyomwacha aingie chumba hiki na ufagio. Nilikuwa nimekwisha kuiona nyumba bila yeye. Na nilimwona binti yangu baada ya hapo, hawezi tena kushika wembe, hawezi hata kushika kisu cha kitunguu.

Mume wangu peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. Macho yake yalikuwa kwenye dari.

Ilichukua muda mrefu. Taulo la tatu, au la nne, halikuloa lote. Lililofuata lilipata doa. Binti akainua kidole kimoja, kisha kingine, akakaa anatazama, na mimi natazama juu ya bega lake, hakuna aliyethubutu kupumua pale karibu. Damu ilikuwa imesimama.

"Basi," akasema. "Sitaki tena. Upande huu utabaki hivyo hivyo."

Baba yake akausogeza mkono mzima, akauokota wembe kwenye beseni. Nikaona giza. Akaukung'uta maji, akamgeuzia binti yake mpini, akangoja.

"Siwezi, baba."

Hakuurudisha. Binti akanigeukia mimi, macho yamemjaa machozi, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye kazi ile aliniuliza habari ya kazi: "Mama, yeye humeza lini?"

Sijui namna ya kueleza. Nilimwambia ukweli, kwamba hakuna saa, inabidi kutazama. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya koo la mume wangu. "Meza," nikamwambia, kama kwenye chakula. Tukangoja. Likapanda, likashuka. "Sasa," nikasema, na binti akanyoa kipande kama upana wa ukucha. "Meza." Tukangoja. "Sasa." Jasho lilikuwa linaniingia machoni na sikuthubutu kupangusa.

Tulipomaliza, binti alimfuta uso, akampaka dawa, akamshikia kioo. Ndevu zilikuwa zimetuficha mengi. Mdomo ulikuwa umeshuka kuliko nilivyodhani, shavu limening'inia, na uso ule nilioujua ulikuwa nusu tu. Nikaogopa upya, woga mwingine kabisa, wa kimya. Yeye alijitazama weee. Kisha akapandisha mkono mzima, akajipapasa kinyume na ndevu, kama alivyokuwa akikagua kazi ya mwanafunzi: shavu, kidevu, akalizunguka jeraha, akafika chini ya taya upande uliolala, ambako yeye mwenyewe hasikii kitu. Vidole vikasimama hapo.

"Zi-me-ba-ki," akasema.

Binti yangu akaanza kulia na kucheka pamoja. Akauchukua wembe, na mimi, mwoga yule yule, nikarudi kwenye kigoda.