Siku Tuliyojibiana Maswali ya Tabia

Mdogo wangu wa kike alitaka kwenda kufuga nyuki Usinge. Shangazi yetu ana kikundi cha akina mama wenye mizinga kule msituni, na walikuwa wamemwekea nafasi mpaka Jumatatu. Baba alikwisha kataa mara mbili. "Huyu mpole mno," alisema. "Msitu unataka mtu jasiri."

Jumapili, tuliporudi misa hapa Isevya, mdogo wangu akafungua kwenye simu maswali ya kupima tabia, akasema tuyajibu kifamilia. Nilijua ana lake jambo. Nikanyamaza, maana nilikuwa upande wake.

Swali la kwanza likamwangukia mama: je, wewe ni mkarimu? Mama, aliyekuwa akichambua matembele, alicheka mpaka akaweka ungo chini. Sasa hilo mtu analijibuje mwenyewe? Kwetu anayejisifu anaonekana hana wa kumsifu.

"Chema chajiuza," baba akakata shauri. "Kila mtu atajibiwa na wenzake."

Basi tukauharibu mtihani wa watu tangu mwanzo, na wala sijutii. Mama tulimpa ukarimu kwa kauli moja. Mimi walinipa hasira, tena bila hata kushauriana. Nikafura. Wakasema, haya, si unaona?

Ikafika zamu ya mdogo wangu. Akampa baba simu ili asome mwenyewe. Baba akavaa miwani, akasoma polepole: "Panapotokea hatari, mtu huyu hutulia?"

Baba yangu ana ubishi wa kutosha kugawia mtaa mzima, lakini uongo hana. Angeweza kubonyeza hapana, mjadala ukaishia hapo. Kidole kilikuwa chake.

"Mama yenu alipoumwa na nyoka shambani," alisema, "mimi nilikuwa nazunguka uani natafuta viatu, kumbe nimevivaa. Huyu, kidato cha pili tu, ndiye aliyemlaza mama yake, akamzuia kutembea, akaenda barabarani kusimamisha gari. Njia nzima alikuwa anamtuliza mama yake. Na mimi pia."

Akabonyeza ndiyo. Kisha akavua miwani, akamtazama.

"Mwanangu, mwoga ni mimi. Nilikuwa nakusingizia wewe. Naogopa nyumba hii ikiwa haina wewe."

Nimeshasikia wanaume wakisifiwa majukwaani, na sifa nyingine ni za kununua. Sijamwona aliyefanya jambo gumu kama lile, mbele ya mkewe na wanawe, akiwa na simu ya mtu mkononi. Nilimpenda baba siku ile kuliko siku zote.

Mdogo wangu alisogea akakaa karibu naye. "Kwa hiyo baba, niende?"

"Nenda," alisema. "Ila uwe unanipigia, hata kama huna la kusema."