Nilitaka kuchagua samaki wa kuzalisha nyumbani, mama mkwe akaanza kufunga kula pamoja na mmoja wao

Wakuu, salamu kwenu wote, hata nyinyi mnaosoma kila siku bila kucomment.

Kuna watakaosema hii ni hekaya. Sawa tu. Lakini bibi yangu Kawira amesoma yote kabla sijapost, na amenikosoa mahali pamoja pekee, pale nilikuwa nimeandika alilia. Anasema hakulia, ilikuwa moshi. Kila kitu kingine amepitisha.

Mimi ni lab technician kwa shule moja ya sekondari, naishi hapa Manyatta, Embu. Nilipata aquarium kubwa kutoka kwa hoteli iliyofungwa, glasi nzima haina ufa. Nikaona hii ni nafasi. Nitazalisha samaki wa urembo, niuzie watu wa Embu town na Meru.

Kawira alikubali na sharti moja.

"Aina moja tu. Sitaki zoo kwa sitting room."

Wall unit ikatolewa, TV ikawekwa juu ya stuli, aquarium ikachukua ukuta mzima. Kazi iliyobaki ilikuwa kuchagua aina.

Nina rafiki anaitwa Nyaga, karani kule Siakago. Yeye hufuga samaki kwa madramu nyuma ya nyumba na hajawahi kununua heater, Siakago joto ni ya bure. Huku kwetu stima ikipotea mimi hufunika aquarium na blanketi la harusi. Nyaga alinipea aina nne za kujaribu: guppy, fighter, angelfish, na wale cichlid wa manjano. Akaniambia, "Kaa nao uone ni gani mtaelewana."

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akaja.

Sasa hapa nieleze kidogo. Baba mkwe tulikuwa tumemzika miezi michache nyuma. Mama alikuwa amebaki pekee yake kwao Kanyakine, upande wa Meru, na ana ugonjwa wa sukari. Majirani wakapigia Kawira simu kwamba mama hali chakula vizuri, anapika halafu anaangalia sufuria. Kawira akaenda akamleta.

Na mnajua mambo ya wakwe kwetu. Mimi na mama mkwe hatuongei ovyo. Namsalimia nikiwa mlangoni, nakula nikiwa dining, sikai kiti cha kumwangalia usoni. Si uadui, ni heshima. Miaka tisa ya ndoa tulikuwa hatujamaliza dakika tano tukiongea.

Kiti chake kikawekwa mbele ya aquarium kwa sababu hapakuwa na mahali pengine.

Asubuhi ya kwanza nikiwa nakunywa chai nikasikia, "Muga." Hiyo ni salamu ya Kimeru. Nikageuka nikidhani kuna mgeni. Alikuwa anasalimia samaki.

Halafu akawauliza, "Mwenye hii nyumba amewapea kitu ya kula?"

Wakuu, ningefanya nini? Nikaangalia samaki na mimi nikawajibu wao. "Mmekula, lakini kidogo, ndio maji isichafuke."

Mama akaitikia kwa kichwa, akiangalia guppy.

Hivyo ndivyo tulianza kuongea. Yeye anaongea na samaki, mimi najibu samaki. Kawira akipita na vyombo anatuangalia tu.

Kosa langu lilikuwa kueleza tabia ya kila aina. Nilidhani ni elimu tu.

Guppy. Nikawaambia samaki kwamba guppy wa kike huweza kuhifadhi mbegu ya mume, akaendelea kuzaa miezi kadhaa hata kama mume amekufa.

Mama akasogeza kiti karibu na glasi.

"Mzee amekufa na yeye bado anazaa?"

"Ndio. Lakini ni watoto wa mzee yule yule."

"Na watu wa boma wanakubali?"

Mama akajijibu mwenyewe. Hapana, hao watamletea Kawira maneno mtaani. Jioni Kawira akanipa karai, guppy wakahamia veranda.

Fighter. Dume hutengeneza kiota cha mapovu, analinda mayai yeye mwenyewe, na bibi lazima umtoe haraka kabla hajauawa.

"Kwa hivyo bibi anafukuzwa, bwana anabaki na nyumba na watoto."

"Ni kama hivyo."

"Huyo namjua," mama akaambia glasi. "Kwetu Kanyakine wako wengi."

Fighter akaenda kwa jar ya jam.

Angelfish alikuwa amempenda kabisa. Wanatembea wawili wawili, pole pole, kama watu wametoka kanisa. Wakataga mayai kwa jani, mama akawalinda siku nzima, hata alikataza Kawira kubamiza mlango. Kesho yake asubuhi akawakuta wanakula mayai yao wenyewe, baba na mama, wakibadilishana zamu.

Aligeuza kiti akaangalia ukuta mpaka lunch.

"Mama, ni samaki tu," Kawira akamwambia.

"Hata mimi naona ni samaki. Kwani nimesema ni ng'ombe?"

Akabaki cichlid wa manjano. Na hapa ndipo mambo iliharibika.

Nikaona jike mmoja amefunga mdomo, shavu limefura, chakula kikianguka mbele yake anaangalia tu. Nikafurahi sana. Hawa huweka mayai kwa mdomo. Nikawatangazia samaki wote kwamba huyu mama atakaa karibu wiki tatu bila kula, mpaka watoto wawe tayari kuogelea.

Mama mkwe alisimama. Akakaribia glasi mpaka ikaingia ukungu ya pumzi yake.

"Wiki tatu?"

"Wiki tatu."

"Bila hata uji?"

"Bila chochote."

"Huyu ndiye wa kufugwa," akasema. Nikajua kazi ya kuchagua imeisha. Nikapigia Nyaga simu aje achukue wengine.

Siku hiyo lunch ilikuwa mukimo, ile ya viazi na mahindi ya kuponda. Mama akafunika sahani yake na nyingine.

"Nitakula na yeye," akasema, akionyesha samaki kwa kidevu.

Tulidhani ni mchezo. Haikuwa mchezo. Aliacha chakula chote, akabaki na chai ya jioni tu, kwa sababu, alisema, samaki yeye angalau yuko ndani ya maji.

Kesho yake akina mama wa kanisa wakaja kumtembelea kwa ajili ya msiba. Badala ya kuongea juu ya marehemu, wakaonyeshwa samaki. Mwenyekiti wao, Mama Wanja, ni mtu wa mipango. Kabla chai haijapoa alikuwa ametoa daftari na kupanga zamu ya kufunga, kila mama siku yake, mpaka samaki ajifungue.

Akaniuliza, "Anaitwa nani?"

"Hana jina."

"Sasa tutaombea nani?"

Nilikuwa nimesema hana jina. Wakasikia Hana, yule wa kwa Biblia aliyeombea mtoto. Wakasema jina limejileta lenyewe. Wakashikana mikono kuzunguka aquarium, wakaimba. Hana akajificha nyuma ya filter.

Ningecheka, lakini siku ya tano nilirudi kutoka kazini nikakuta mama mkwe amekaa kwa kiti anatetemeka, jasho inamtiririka, na aliponiona akaniita kwa jina la marehemu mzee wake. Akaniuliza kama nimefungia mbuzi.

Kawira alikuwa sokoni. Mimi ndiye nilimshika, wakuu. Miaka tisa sijawahi kumpa mkono, leo nimemshika kichwa namnywesha soda kijiko kwa kijiko. Kale kamashine ka kupima kalionyesha sukari imeshuka vibaya. Akarudi polepole, akaona ni mimi, akavuta leso yake vizuri, nikamwachilia.

Daktari kwa kliniki alikuwa mkali. Dawa ya sukari na njaa hazikai pamoja. Mama akamsikiliza kwa adabu, tukarudi nyumbani, Kawira akampakulia chakula.

"Hana hajala," mama akasema.

Kawira alinivuta jikoni. Hapo ndipo ile moshi ilimwingia kwa macho.

"Baba Mwende," akaniita kwa jina la mtoto wetu, "huyo samaki azae leo."

"Bado siku nyingi."

"Basi azalishwe. Nilizika baba juzi. Sitazika mama juu ya samaki."

Kusema ukweli inawezekana. Unamshika jike kwa net iliyolowa, unamfungua mdomo taratibu juu ya bakuli, watoto wanatoka, unawalea kando. Nilikuwa nimesoma tu, sijawahi kufanya. Na wakitolewa mapema wengi hufa. Lakini nikisema nisubiri, nasubiri nini?

Jumamosi saa tisa mchana akina mama wakaja, wote, wamevaa leso za kichwa. Nikaweka bakuli ya glasi mezani, nikapigia Nyaga simu nikaweka loudspeaker.

"Mshike kama umeshika simu ya mtu mwingine," Nyaga akasema. "Usimkamue. Mfungue tu mdomo wa chini."

Mama Wanja akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Nikatumia kijiti cha kusafisha masikio. Nikasukuma mdomo wa chini kidogo kidogo.

Mdomo ukafunguka.

Ting.

Kitu kimoja kikaanguka kwa bakuli. Kikazunguka mara mbili, kikatulia.

Akina mama wakasogea mezani.

"Wametoka wangapi?" Nyaga akauliza kwa simu.

Tukaangalia bakuli.

"Haloo? Wametoka wangapi?"

Mama Wanja akainama. "Hiyo ndiyo yai?"

Nikakigusa kwa kijiti, kikalia tena. Kisha mama mkwe akageuka, si kwa samaki, kwangu, akaniangalia usoni.

"Baba Mwende. Ni nini hiyo?"

"Ni kokoto, mama. Ilikuwa imemkwama kwa mdomo."

Akalichukua, akalipindua kwa kiganja. Dogo kama punje ya maharagwe.

"Tumefungia jiwe," akasema.

Halafu akacheka. Kwanza ilikuwa kama kikohozi, halafu akashika meza, halafu akakaa chini kabisa kwa sakafu, leso imeanguka, anacheka mpaka akina mama nao wakashindwa. Nyaga kwa simu anauliza kama samaki amekufa. Sijawahi kusikia nyumba yangu na kelele kama hiyo.

Katikati ya kicheko ikageuka ikawa kilio. Tangu mazishi alikuwa hajalia mbele ya watu. Akasema, "Mzee angekuwepo. Angewaambia watu wa soko hii maneno mpaka mwaka uishe." Mama Wanja akakaa naye hapo chini na viatu vyake, akamshika.

Alipomaliza akapangusa uso, akauliza, "Kawira, ile mukimo iko wapi?"

Akala sahani mbili. Nikamrudisha Hana kwa maji, nikamtupia chakula, na yeye akakirukia kama ng'ombe aliyekatika kamba.

Jumatatu nikamuuliza mama moja kwa moja, bila kupitia kwa samaki. "Mama, sasa tufuge gani?"

Hata hakufikiria. "Wenye wanakula."

Nyaga alichukua cichlid, akaleta molly, wale weusi, wanene. Wanakula asubuhi, wanakula jioni, katikati wanalamba glasi. Wanazaa pia, lakini hapa kwetu hiyo imekuwa mambo ya pili. Mama amejipa kazi ya kuwalisha, na akiwalisha anakula na yeye.

Nilichojifunza: mtandaoni watakuambia uulize juu ya maji, joto na soko. Uliza hizo. Lakini uliza pia ni nani atakaa mbele ya hiyo glasi siku nzima, na ana nini moyoni. Na usiweke kokoto ndogo kwa cichlid, weka mchanga.

Wenye mmewahi kuzalisha molly, nielezeni nitenge watoto siku gani. Wenye mna wakwe, nielezeni kama ni mimi pekee yangu.

Mama yuko hapa kwa kiti, ameniuliza naandikia nani maneno mengi hivi. Nimemwambia ni watu fulani kwa simu, siwajui.

Anauliza kama mmekula.