Barua ya Rambirambi kwa Satelite

Siku ya kwanza nilipoingia kituo cha antene hapa Goma, Shefu wa Kituo aliniuliza kama nilisomea mambo ya anga. Nikamwambia hapana. Nilikuwa mutu wa fonia, ile redio ya kuongea na mbali. Kazi yangu pale Birere ilikuwa kuita malori ya Butembo. Akacheka, lakini akanivalisha kaske ya kusikilizia masikioni.

Kazi ilikuwa hivi. Roketi moja inapakia satelite ndogo makumi, za wenyewe mbalimbali, na kuzimwaga zote pamoja kule juu. Watu wa rada wanatoa orodha ya namba na njia ya kila moja, bila majina. Kila mwenye satelite ajitafutie yake. Sisi tuliwatafutia wanafunzi wa chuo kimoja cha mbali. Satelite yao ingeenea ndani ya sufuria.

Shefu alichagua namba kumi na nne kuwa ndiyo yetu. Mwanzoni tuliisikia vizuri, maana zote zilikuwa bado zimebanana. Kisha zikaachana, na sauti ikafifia kila siku. Tuliiamuru ifungue mabawa yake, jua lipate kuchaji batri, lakini haikujibu. Shefu akasema inakufa, akaniamuru niwaandikie wanafunzi barua ya rambirambi.

Niliandika, lakini roho haikutulia. Satelite ikikaribia, mlio wake ni mwembamba. Ikikupita, mlio unashuka ghafla na kuwa mnene, kama wa pikipiki barabarani. Wa hii yetu ulishuka sekonde kumi na moja nyuma ya saa tuliyohesabia namba kumi na nne. Kesho yake, kumi na mbili.

Nikamwambia, “Shefu, haifi. Tunafuata ya jirani.”

Akaniuliza kwa upole sekonde kumi na mbili ni kitu gani.

“Ni lori la nyuma, Shefu.”

Kwenye orodha, iliyopita sekonde kumi na mbili nyuma ilikuwa namba kumi na saba. Tukaigeuzia antene. Sauti ikajaa masikio, satelite ikajibu mara moja, batri ikaanza kupanda. Shefu akaketi, akauliza kwa sauti ndogo kama barua ilikwisha kwenda. Ilikwenda asubuhi. Ikabidi tuwaandikie wanafunzi tena, kwamba marehemu anaendelea vizuri.

Ninyi vijana munaofanya kazi hii leo muna mashini zinazotambua satelite zenyewe. Ni vizuri. Ninawaomba tu musiwe wepesi wa kuzika.

Siku nilipostaafu, Shefu, ambaye sasa alikuwa Direkteri, alisoma hotuba ndefu ya kusifu masikio yangu. Yote yalikuwa kweli, isipokuwa jina: alimtaja Mama Kahindo wa mapokezi. Kahindo akasimama, akashukuru, akapokea kitenge cha zawadi yangu ya kustaafu. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Juma lililofuata alikileta kwangu Mugunga, kimekwisha kushonwa kwa kipimo chake.